Kipimajoto kinaposema uongo: utatuzi kwa wanaopika bia nyumbani Mombasa

Ndoo tatu mfululizo, lita 20 kila moja, zilinishinda. Bia ilichacha siku nne ikanyamaza, haidromita, kile kifaa cha kupimia sukari iliyobaki, ikagoma kwenye 1.022, na ukionja unahisi umepewa juisi ya miwa iliyolala. Nikalaumu hamira, nikabadilisha. Nikalaumu kimea. Nikalaumu joto la Februari, maana huku kwetu Februari hulaumiwa kwa kila kitu. Kipimajoto sikukigusa, kwa sababu nilikuwa nimeshakipima: nilikitia kwenye maji yanayotokota kikasoma 95, na rafiki yangu wa Nairobi alikuwa ameniambia kwake maji hutokota kwenye 94. Tofauti ya digrii moja, nikasema si neno.

Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya bahari. Mimi niko Tudor, hapa Mombasa, na maji ya kreki nayaona kwenye dirisha la jikoni. Kila ukipanda mita 300, kiwango cha kutokota hushuka kwa karibu digrii moja. Ndiyo maana wao wanapata 94 na sisi tunapata 100, kasoro vipointi ambavyo mshale hauwezi kuvionyesha. Kipimajoto changu hakikukosea digrii moja. Kilikosea tano. Kila nilipoloweka kimea nikaona 66, joto nililolitaka, nikajipongeza, kilikuwa kinaungulia kwenye 71 hivi.

Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote hapa chini, tafuta namba mbili ambazo huhitaji kumwamini mtu: sifuri na mia.

Mia tunayo bure, sifuri ina kazi

Mia ni rahisi kwetu watu wa pwani. Chemsha maji masafi kwenye sufuria yenye kina, yatokote kweli kweli, si yale mapovu madogo yanayong'ang'ania chini. Tia ncha ya kipimajoto sentimita tano au zaidi ndani, isiguse chini wala ubavuni, subiri namba itulie. Usipimie kwenye supu ya kimea yenyewe: sukari hupandisha kiwango cha kutokota kidogo, na povu lake litakuunguza mkono bure. Cha kioo kipashe moto polepole kwanza. Ukikitoa mezani na kukitumbukiza moja kwa moja kitapasuka.

Sifuri ndiyo inayotuponza, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni maji. Nyumba nyingi Mombasa zina maji ya kisima, na maji hayo yana chumvi. Maji ya chumvi huganda chini ya sifuri. Yale ya bahari yenyewe huganda karibu na digrii 2 chini ya sifuri. Ukigandisha barafu ya maji ya kisima, halafu ukaiyeyushia kwenye maji ya kisima, unaweza kupata kitu kilichoshuka chini ya sifuri, na utakilaumu kipimajoto kisicho na hatia. Barafu ya soko la samaki usiiguse kabisa. Gandisha maji ya chupa, na maji utakayoongezea yawe ya chupa vilevile.

Ya pili ni haraka. Mtu anachukua glasi ya maji, anatupia vipande vitano vya barafu vinavyoelea, anatia kipimajoto hadi chini, kinasoma 3 au 4, anaanza kulalamika. Chini ya glasi hiyo kweli kuna digrii 4! Maji huwa mazito kuliko yote kwenye 4, kwa hiyo hayo ndiyo yanayozama na barafu inabaki juu. Kinachotakiwa ni barafu iliyopondwa, imejaa chombo mpaka juu, na maji kidogo tu ya kuziba nafasi kati ya vipande. Mimi hufunga barafu kwenye kitambaa kisafi nikaiponda kwa mchi, nikaijaza kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana, kwa sababu kwenye glasi ya kawaida, na joto letu la digrii 30, inageuka maji kabla sijapata miwani. Koroga, subiri dakika tatu, koroga tena, soma huku ncha iko katikati ya barafu. Maji yakianza kukusanyika chini, yamwage, ongeza barafu.

Andika namba zote mbili. Changu cha mshale kilisoma 4 chini ya sifuri kwenye barafu na 95 kwenye maji yanayotokota. Kimepungua kwa karibu kiasi kilekile pande zote mbili, dalili ya mshale uliosogezwa tu, labda siku kilipoanguka.

Dalili: bia tamu, nzito, haikauki

Ukiwa umesoma 65 hadi 67 wakati wa kuloweka kimea na bado bia imekwama juu ya 1.018 au 1.020, mshukiwa wa kwanza ni kipimajoto kinachosoma chini ya ukweli. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyovunja wanga. Kimoja hufanya kazi vizuri kati ya 60 na 65 hivi na hutoa sukari ambayo hamira inaila yote. Ukikaribia 70 kinakufa upesi. Cha pili hustahimili hadi 72 hivi, lakini kinaacha vipande vya sukari ambavyo hamira haivigusi. Kosa la digrii nne tano linamwua wa kwanza na kukuachia wa pili peke yake. Hapo hata umwage hamira ya pakiti tatu, haitakusaidia.

Kabla hujakihukumu kipimajoto, angalia mahali unapopimia. Kimea kizito hakina joto moja. Kwenye boksi langu la barafu ninamolowekea, lile aina ya wauza soda wa ufuoni, niliwahi kupata 69 katikati na 63 pembeni kwa wakati mmoja, kwa kipimajoto kilekile kizuri. Koroga kwa mwiko dakika nzima, funika, ngoja kidogo, kisha pima sehemu tatu. Zikipishana zaidi ya digrii mbili, shida ni mkorogo wako. Na kama unalowekea kwenye sufuria juu ya jiko la gesi, kumbuka kwamba chini, juu ya moto, ni nchi nyingine.

Kama dalili ni kinyume, yaani bia imekauka hadi 1.004 na ni nyepesi kama maji ya kuoshea glasi, basi kipimajoto kinasoma juu ya ukweli. Uchunguzi ni uleule.

Kuna hali ya tatu: maji ya kimea hayana utamu kabisa. Weka tone moja la hayo maji kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini ya duka la dawa. Ikigeuka buluu nyeusi, wanga bado upo; joto lilikuwa chini sana au juu sana. Tone hilo lioshe, usilirudishe sufuriani. Wanaotumia kimea cha mtama wasikimbilie kulaumu kifaa hapa: wanga wa mtama hulainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri, karibu na 70 na kuendelea, kwa hiyo unaweza kuwa na kipimajoto cha kweli kabisa na bado ukapata buluu.

Dalili: namba za kidijitali zinaruka, au zinapanda zenyewe

Hapa ndipo nimepoteza pesa nyingi. Vile vya bei nafuu, vyenye mkia wa waya na ncha ya chuma, havifi kwa kupasuka. Vinakufa kwa maji. Mvuke unapenya pale waya unapoingia kwenye chuma, na ndani kuna kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka joto linapopanda. Unyevu unafungua njia nyingine ya umeme pembeni yake, ukinzani unashuka, na kifaa kinadhani joto limepanda. Ndiyo maana cha maji ndani husoma juu, si chini: leo 2 zaidi, wiki ijayo 9, halafu kiooni zinatokea herufi badala ya namba.

Jaribio ni hili: kiache kikavu mezani kando ya kingine unachokiamini. Vikikubaliana mezani, kisha vikaachana baada ya dakika kumi ndani ya maji ya moto, maji yameingia. Kikaushe. Mimi hukining'iniza ncha chini juani kwenye kamba ya nguo siku mbili tatu, usiku nakiingiza ndani kwenye debe lenye mchele mkavu, kwa sababu usiku wa Mombasa unarudisha unyevu wote ulioondoa mchana. Kikipona, paka silikoni ya kuzibia sinki pale waya unapoingia, iache ikauke siku nzima, na kuanzia hapo usizamishe kiungo hicho tena. Zamisha chuma tu.

Kama namba zinaruka hata kikiwa kikavu, fungua mlango wa betri. Hewa yetu ya bahari inakula vibati vya ndani, utakuta ukijani. Sugua kwa kipande cha msasa laini au kifutio cha penseli, weka betri mpya. Betri iliyochoka haizimi kifaa mara moja. Vingine huanza kudanganya kabla namba hazijafifia. Ukikipima leo kikawa sawa, usikiamini mwaka mzima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hiki kinalitia hasa.

Vile vya bastola vya kupima bila kugusa vina tatizo jingine. Vinasoma uso, tena uso unaong'aa huvidanganya. Sufuria ya alumini iliyosuguliwa vizuri na steliwaya inaweza kutokota huku kifaa kinakuonyesha namba ya bafuni. Na ukilenga maji yenyewe kunapofuka mvuke, unapima mvuke. Vikaangieni samaki.

Dalili: mshale ni mzito, au umebaki palepale

Cha mshale kina utepe wa metali mbili uliosokotwa ndani ya ule mrija, na utepe huo umeenea sentimita tano au sita kutoka ncha. Watu wengi wanatumbukiza sentimita mbili, wanapata wastani wa maji na hewa, wanasema kibovu. Kwenye vingi kuna kibonyeo au alama kwenye mrija: zamisha hadi kuipita.

Kama umezamisha vya kutosha na kimepotoka kiasi kilekile barafuni na kwenye maji ya moto, geuza uso wa saa uone kama kuna nati nyuma. Shika nati kwa spana ndogo, zungusha uso taratibu mpaka mshale ukae panapotakiwa. Maelekezo mengi yanakuambia ufanye hivyo kwenye barafu. Mimi napinga. Hupiki bia kwenye sifuri. Fanya kwenye maji yanayotokota, kwa kuwa pwani tunaijua ile 100 bila hesabu, kisha hakikisha karibu na 65.

Mshale ukikwama, ukigonga kioo kwa ukucha unaruka digrii tatu, hiyo ni kutu ndani. Nati haitaponya.

Dalili: uzi mwekundu umekatika

Kwenye cha kioo, angalia dhidi ya mwanga. Ukiona pengo kwenye uzi, kila usomacho ni uongo kwa urefu wa pengo hilo. Usikipashe moto kuuunganisha, kitapasuka. Ponda barafu, changanya na chumvi ya jikoni safari hii, zamisha tungi la chini pekee; uzi utashuka hadi wote uingie ndani ya tungi. Gonga taratibu kwenye kiganja, kisha kisimamishe wima kipate joto chenyewe. Nimelazimika kurudia mara nne kabla haujaungana.

Angalia pia karatasi ya namba ndani ya kioo. Gundi huachia, karatasi inateleza milimita chache, na milimita chache ni digrii kadhaa. Na kama uzi ni wa rangi ya fedha, hiyo ni zebaki. Haina kazi karibu na chakula. Kipimajoto chochote cha kioo kikivunjika ndani ya sufuria, mwaga yote, usichuje.

Kati ya sifuri na mia

Kifaa kinaweza kuwa kweli pande mbili na bado kikayumba katikati. Njia yangu ni jirani wa chini, mama anayeuza mtindi. Cha kwake ni kizuri, tumekipima barafuni na kwenye maji yanayotokota, maana mtindi wake unamtaka apashe maziwa hadi 85 kisha asubiri yashuke hadi 44 hivi kabla ya kutia mbegu. Mara ya kwanza nilipomwomba, alikitazama changu, akanitazama mimi.

"Mwanangu, changu hakiingii kwenye pombe yako."

"Hakiingii, mama. Maji ya birika lako mwenyewe, na changu nimekiosha."

Akakubali kwa sharti la vyombo viwili. Ikabidi nimweleze kwamba vyombo viwili havitoi joto moja, tukaafikiana kwa chombo chake na changu kilichopitia sabuni na maji ya moto mbele ya macho yake. Ncha mbili tukazifunga pamoja kwa mpira, tukakoroga, tukaandika kwenye 75, 70, 65, 60 kadiri maji yalivyopoa. Soma wakati yanapopoa, si yanapopashwa. Yakiwa motoni joto hukimbia kuliko vifaa.

Chini kabisa, karibu na 37, kipimajoto cha homa cha kidijitali kinasaidia, kwa kuwa kwa kawaida hakikosei zaidi ya sehemu ya kumi ya digrii. Lakini kinafanya kazi kati ya 32 na 42 tu, na kinashikilia namba ya juu zaidi kilichoiona. Maji ya vuguvugu pekee.

Hesabu ya kusahihisha

Tofauti ikiwa sawa pande zote, jumlisha au toa, basi. Ikiwa si sawa, toa kwanza usomaji wa barafuni, zidisha kwa 100, gawanya kwa umbali kati ya usomaji wa barafuni na wa kutokota. Cha kidijitali nilichonacho sasa kinasoma 1.5 barafuni na 98.0 kwenye kutokota. Umbali ni 96.5. Kikinionyesha 66: 66 toa 1.5 ni 64.5, mara 100, gawa kwa 96.5, ni 66.8. Nikitaka 67 ya kweli, nangoja kioo kisome 66.2. Namba hiyo moja nimeiandika kwenye kipande cha plasta nyuma yake, pamoja na tarehe. Huhitaji jedwali zima. Unahitaji zile namba mbili tatu unazozitumia.

Dalili: bia inanuka ndizi, au dawa ya kuondolea rangi ya kucha

Mara nyingi hapa kipimajoto ni kizuri, ila kimewekwa pasipofaa. Kinapima chumba. Ndoo inayochacha hujipasha yenyewe, inaweza kuzidi chumba kwa digrii kadhaa, na chumba chetu chenyewe Machi hakishuki chini ya 27. Hamira nyingi za bia zinataka 18 hadi 22. Bandika ncha ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, ifunike kwa kipande kinene cha sponji na utepe wa gundi ili isome ndoo, isisome hewa.

Ushauri wa kufunika ndoo kwa taulo bichi na kuwasha feni hausaidii sana Mombasa. Hewa imeshashiba maji, taulo halikauki, unapata digrii mbili tatu tu. Beseni la maji na chupa zilizogandishwa, zikibadilishwa asubuhi na jioni, ndizo zinazofanya kazi, mradi stima haipotei. Au acha kupigana: hamira ya kveik ya Norwei inachacha vizuri kati ya 30 na 40. Hiyo ilitengenezewa sisi bila kujua.

Hamira isipoamka kabisa, rudi kwenye kosa la kwanza: kifaa kilichosema 30 wakati ukweli ni zaidi ya 40 huenda kimeiua.

Dalili: haidromita inasoma 0.997 kwenye maji safi

Haijaharibika. Nyingi zimepimwa kwa maji ya digrii 20, na yako yako kwenye 30. Ongeza 0.0025 hivi, au poza sampuli kwanza. Sampuli iliyotoka motoni usiipime kabisa.

Cha mshale, kile cha 95, nati ilikirudisha sawa kwa miezi minane hivi. Kisha mshale ukaanza kukwama, ukucha hadi ukucha. Bado kiko kwenye ubavu wa boksi langu la kulowekea kimea, nilipokitobolea tundu. Wageni wanakisoma, wananiambia digrii. Mimi sikisomi, kinaziba tundu.